Ramani Nampa Virginia

Sogeeni, wanangu. Ubeid kaa huku, Hazim kaa kule, na asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusemea tu, si ya kubishana. Daktari amenishona mara mbili na damu ingali inavuja ndani. Ameona haya kuniambia, lakini nimemsoma usoni.

Ramani ile, marehemu baba yenu Shakir alipewa na mzee wa Kizungu, mteja wake pale kwenye karakana ya fremu mtaani Satwa, mzee huyo alipokuwa anarudi kwao. Imechorwa mji wa kale uliozungushiwa ukuta, mto umeupasua katikati, minara imesongamana, na mabibi wenye magauni mapana wamesimama kilimani wakiutazama. Baba yenu akaitia kioo kizito, akaitundika ukumbini, na nyinyi mkakua mkichaguliana nyumba ndani ya mji ule, huyu yangu hii, huyu yangu ile, nasi tukicheka.

Kisha akaja dalali wa vitu vya kale kutoka Marina, kule kwa matajiri. Wewe Ubeid ukasema iuzwe. Wewe Hazim ukasema haitoki humu. Alasiri ile mkaivuta huku na huku mbele ya macho yangu. Ubeid, ulimpiga nduguyo kwa kichwa, jino likaruka. Hazim, ulimkaba nduguyo koo ukamgongesha ukutani mpaka macho yakamtoka. Fremu ikaanguka, kioo kikapasuka, nanyi mkakirukia kipande kimoja kirefu kama kisu, mikono yenu yote imekishika, vidole vinachuruzika damu. Nikaingia kati. Nikasema, "Khalas! Basi, wanangu!" Kikanizama hapa, chini ya mbavu, kikakatikia ndani.

Mkaganda mnatazama. Aliyekuja mbio ni Virginia, yule Mkenya mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, na sare yake ya ulinzi bado mwilini. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akanikandamiza jeraha kwa uzito wake wote, akawafokea: "Mnaangalia nini? Iteni ambulensi, mama anakufa!"

Basi ramani nampa Virginia, hivyo hivyo ilivyo, imechanika, na damu yangu imeingia. Yeye si mrithi wangu na kitu hicho hakifiki thuluthi ya mali, sheria inaniruhusu. Asifuatwe, asitiwe maneno. Dhahabu zangu na vyombo vya nyumba gawaneni na dada yenu Muna mbele ya kadhi, naye apate haki yake kamili.

Askari alikuja kuniuliza. Nimemwambia nimeangukia kioo. Na nyinyi, tangu nilazwe hapa, kila mmoja hunijia peke yake: "Mama, si mimi niliyesukuma, ni yeye." Mimi niliuona mkono uliosukuma. Nakwenda nao kaburini.

Siku ya kunizika, ingieni kaburini nyote wawili mnipokee, bega kwa bega. Anayeona hawezi kusimama na nduguye mle, jeneza langu asiliguse.

Nipeni maji... kidogo. Basi. Nishikeni.

Nani analia? Unasemaje? "Mama, ni mi..." Nyamaza. Nyamaza, mwanangu, usilitamke. Ukilimaliza neno hilo nduguyo atalisikia, hatakusamehe, nami nitakufa nimeacha mtoto mmoja wa kiume. Lia tu... Lia, usiseme.

Radhi zangu mnazo. Wewe... na wewe. Mungu awape... Sogeeni, siwaoni. Sogeeni nyote.