Mgeni Aliyefanana na Mke wa Usicheke

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja ili tusilie peke yetu, mzee tunayemsindikiza leo mlimwita Usicheke, kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa mbele ya kamera yake kwa picha ya pasipoti, na ni yeye mwenyewe aliyeagiza kwamba siku ya kusomwa habari zake, sehemu ya ugonjwa wa akili isirukwe, akisema, "Mkiiruka mtakuwa mmemzika mtu mwingine."

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1965, akachukuliwa na mjomba wake mwenye studio, alikoanza kwa kufagia na kukausha picha hadi akaaminiwa chumba cha giza, cha kusafishia picha, na mwaka 1975 akafungua studio yake mwenyewe mkabala na posta, chumba kimoja chenye stuli, pazia jeupe na kioo kidogo cha wateja kujitazama.

Mke alimpata hapo hapo, kwani binti yule alishindwa kuzuia kicheko, akaharibu picha mbili, na ya tatu akaiharibu Usicheke mwenyewe kwa kucheka. Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1977, wakajaliwa watoto watatu, na wa pili, mvulana, akatangulia akiwa na miezi minane. Marehemu hakulia, hakulitaja tena jina la mtoto yule, na mkewe alipolitaja yeye aliinuka akaenda kusafisha picha, hivyo wakaishi miaka mingi wakila meza moja, kila mmoja na kilio chake.

Ugonjwa ulianza Agosti 2006. Asubuhi moja mkewe alimwekea chai, naye akamshukuru kwa adabu ya ugenini, kisha akauliza, "Mwenye nyumba atarudi lini?" Mama alidhani ni mzaha. Lakini Usicheke alimwona mbele yake mwanamke mwenye uso ule ule, kovu lile lile chini ya kidevu, hata ule mkono wa kushoto wa kumiminia chai, na bado hakuwa yeye, kana kwamba mtu ameisafisha picha ya mkewe vizuri mno, akasahau kumtia mwenyewe ndani.

Alikagua picha za harusi kwa lenzi, akaanza kulala studio, na kila alipoletewa ushahidi, vyeti, mashemeji, hata mama mkwe, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba waliobadilishwa ni wengi. Kila mtu alikuja na dawa yake na maneno yake, mpaka alasiri moja akasimama mlangoni pa jikoni na mkasi wa kukatia picha mkononi, akamuuliza yule mwanamke, kwa upole uliotisha kuliko kelele, "Umempeleka wapi?"

Binti yake mkubwa ndiye aliyemshika mkono, akamwambia, "Baba, umechoka. Twende kwa watu watakaotusaidia," na hospitalini wakampokea muuguzi na daktari wa akili, wakampa dawa, na muuguzi akamwita mama pembeni. "Usimbishie, mama, wala usimdanganye. Muulize anaogopa nini. Mkasi utoke nyumbani. Na wewe utafute mtu wa kukusikiliza, maana ukikauka wewe, hakuna wa kumnywesha."

Siku chache baadaye, Usicheke akiwa amesharudi nyumbani, mama alipiga simu akiwa kwa dada yake, naye aliposikia sauti tu akaitambua. "Mke wangu! Uko wapi? Humu ndani kuna mwanamke, mmefanana kama shilingi kwa ya pili."

Mama akakumbuka maneno ya muuguzi. "Anakutendea vipi?"

"Vizuri. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Tangu hapo, kila jioni mama alitoka uani akampigia, naye Usicheke aligeukia ukuta akanong'ona ili mgeni wa jikoni asisikie, na katika simu hizo akayasema ambayo hakuwahi kuyasema, kwamba asubuhi aliyofariki mtoto alimpiga picha, akaisafisha, akaificha, na kwamba kila alipofumba macho katika chumba cha giza alisikia mtoto anapumua. Mama aliporudi ndani na macho mekundu, mumewe alimtazama yule mgeni kwa huruma. "Una msiba?" Akajibu, "Nina msiba." Akamvutia kiti, wakakaa, wakimlilia mtoto mmoja.

Dawa zilichukua muda. Baada ya miezi mingi, katikati ya maongezi, Usicheke aliisikia sauti ile simuni na nyuma ya mlango kwa pamoja, akatoka uani, akamkuta mama amekalia ndoo, akaitazama midomo yake kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe sauti inatoka hapa." Hakupona siku hiyo. Zipo asubuhi alizoamka akasema, "Leo uso wako uko mbali," na mama akamjibu, "Nitangoja," lakini hakuficha tena yaliyo moyoni, dawa hakuziacha, na wateja wawili waliomwambia hawalali aliwapeleka kliniki mwenyewe.

Mwaka 2020 moyo ulianza kumlemea, akalazwa tarehe 2 Mei 2021, na alasiri ya tarehe 14, familia ikiwa imemzunguka, alitazama nyuma ya bega la mkewe, kuelekea mlangoni ambako hapakuwa na mtu, akasema, "Mkaribishe naye akae, alinitunza sana." Mama hakubisha, wala hakumwambia kwamba naye anamwona yule mgeni. Alisogeza kiti, na mpaka marehemu alipokata roho hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kukikalia.

Familia inawashukuru madaktari, yule muuguzi ambaye leo yuko nasi, majirani mliosikia makelele yetu mkaja badala ya kusimulia, na wapiga picha wenzake wa mtaa wa posta.

Lala salama, mzee wetu. Tuliosimama hapa ni sisi wenyewe.