Tukingoja Kalamu Ipate Chaji

Sogeeni hapa, wanangu, na wewe uliyeegemea mlango amua, uingie au utoke, upepo unanipiga miguuni. Kaeni popote mnapoona panafaa isipokuwa juu ya meza ya kukatia, maana hiyo haijakaliwa na makalio ya mtu tangu niwe nayo na sitaki ianze leo. Sindano, mjukuu wangu, bandika hiyo kalamu ubavuni mwa kioo, hicho kishikwambi chetu, inyonye chaji, na ikiwa tayari unikatize hata kama niko katikati ya neno. Mpaka hapo nitasema wosia wangu, kwa sababu miguu imenigomea, mikono inatetemeka, na mdomo ndio kiungo pekee kinachonitii bado.

Nawe mpagazi, baba yangu, samahani nimekutoa kwenye mizigo yako mchana kweupe. Kaa kwenye kigoda. Unasema huna haraka? Najua. Mwenye haraka ni mimi.

Haya, sikilizeni. Mlinipeleka hospitali nimebebwa kwenye shuka kama furushi la nguo chafu, daktari akawavuta pembeni akawaambia mjiandae, nanyi mkajiandaa kuliko hata alivyotaka. Halafu nikarudi. Nimewavurugia mipango, mnisamehe. Nikalazwa humu kwenye karakana yangu, kitanda kimebanwa kati ya cherehani na meza ya pasi, nikauliza, kioo changu kiko wapi, kile kishikwambi cha kazi, mkaanza kutazamana kama watu walioulizwa nani amejamba.

Bosi, mwanangu wa kwanza, uliyeitwa hivyo nyumbani kabla hujapata hata kiti cha ofisi, wewe ulichukua kioo chenyewe kwa sababu una vikao. Mama Mapacha, binti yangu, ulichukua kibodi kwa sababu wanao wanajifunza kuchapa na ile kava yake ni laini. Na Sindano, mtoto wa dada yenu marehemu, mkamwachia kalamu, eti yeye ndiye anayechora. Mkaona mmegawana kwa haki, kila mtu na chake, hakuna aliyedhulumiwa. Sasa mtu mwenye kalamu ya kioo asiyekuwa na kioo ana nini? Ana kijiti cha kukunia mgongo. Ningecheka kama mbavu zisingeniuma.

Hamkujua, mtasema. Hamkuuliza. Mngeuliza ningewaambia tulivyokichagua, maana hatukuokota kile kitu, tulikitafuta mimi na Sindano duka kwa duka mpaka visigino vikawaka moto. Muuzaji wa mwisho alikuwa kijana mwenye maneno matamu, ananiambia, "Bibi, hii ina kasi sana." Nikamuuliza, kasi ya kwenda wapi? Akasema filamu zinaonekana kama uko ndani yake. Nikamwambia mwanangu, mimi nakata nguo, sitaki kuwa ndani ya kitu chochote. Sindano, mnamjua, alilaza kiganja chake juu ya kioo kama anavyolaza juu ya kitambaa, akachora mstari. Cha kwanza kikachora na kiganja pia, madoa kila mahali. Cha pili mstari ulikuwa unachelewa nyuma ya kalamu kama mtoto anayeburutwa sokoni. Cha tatu kikakipuuza kiganja kikafuata ncha tu, akigandamiza mstari unanenepa, akilegeza unakonda, mtoto akaachia meno yote nje. Nikasema bado, twende nacho mlangoni tukione kwenye mwanga, kwa sababu karakana yangu inatazama barabara na kioo kinachong'aa kama sufuria kitanionyesha sura yangu, na sura yangu naijua. Kijana akaruka, "Bibi, kifaa hakitoki nje!" Nikamwambia basi leta jua ndani.

Akatufuata mpaka mlangoni amekishika yeye mwenyewe kama kichanga. Kikaonekana. Ndipo akaanza hadithi kwamba kibodi inauzwa peke yake na kalamu inauzwa peke yake, nikamwuliza kama na viatu anauza mguu mmoja mmoja. Tukachukua vyote. Na vyote, wanangu, nilimaanisha vyote. Kibodi inashika chini kwa sumaku, kalamu inashika ubavuni, na huko ubavuni ndiko inakopata uhai wake, haina waya, haina betri ya dukani, ukiiweka mbali na kioo inakufa polepole bila kumwambia mtu. Ndivyo ilivyokufa ndani ya droo ya Sindano, mtoto akiitunza kwa kitambaa safi. Ndiyo maana leo tumekaa hapa tunaitazama kama wagonjwa wanaongoja kuitwa.

Bado, Sindano? Bado. Nipe maji. Kidogo, usinizamishe.

Mnaijua kazi yangu, ingawa mlikuwa mkiionea haya mbele ya wenzenu. Nawashonea watu ambao dukani hakuna saizi yao. Huyu mpagazi, mizigo imelishusha bega lake moja mpaka shati la kununua linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Yule mama aliyekatwa titi, ambaye alikuja hapa na shali kifuani wakati wa joto akaondoka bila shali. Yule mtoto mwenye uti wa mgongo uliopinda, mama yake alikuwa anamvalisha masweta tu. Dobi wa ng'ambo ya barabara alikuwa akiniita fundi wa mabaki, na anasema hivyo mpaka leo, na mimi simsamehe, andikeni hivyo, simsamehe, lakini akija kuzika msimfukuze, ana mikono ya nguvu na kaburi linahitaji watu.

Kazi hiyo iko kwenye macho na vidole, haiko mdomoni. Hilo ndilo sikuweza kuwaelewesha. Nilikaa darasani kidogo, nikatoka nikijua kuandika jina langu na kupiga chafya. Ukiniuliza kwapa la huyu likatwe wapi nitakwambia "hapo," na hapo hakuna kwenye futi ya fundi. Sindano alijaribu kunifuata kwa karatasi. Alijaribu, maskini. Anachora, namwambia siyo, anafuta, karatasi inatoboka. Kile kioo ndicho kilichotukutanisha. Anampiga mteja picha, mbele, nyuma, ubavu, halafu anaweka juu yake kitu kama karatasi inayoonyesha kilicho chini yake, picha inabaki chini, yeye anachora juu, anakuza bega mpaka linajaa kioo chote na macho yangu haya mabovu yanaliona. Kisha ananipa kalamu mimi. Mimi! Nausukuma mstari pale ulipokosea, yeye anatazama mkono wangu unakwenda wapi, na mchoro wa awali tunauacha chini aone tofauti. Halafu anasimamisha kioo juu ya meza, anabandika kibodi, anachapa ninayomwambia, huyu hapendi kubanwa, huyu akikaa tumbo linasogea kushoto, huyu ana aibu, kitufe kiwe mbele afunge mwenyewe. Wateja walikubali kupigwa picha kwa sharti moja, picha zao zisitoke kwenye kioo kile zikazurure kwingine. Niliwaahidi. Sindano akaitunza ahadi hiyo. Kwa hiyo walikuwa mle tu, watu wote wale, migongo yote, mabega yote.

Jana Bosi alikirudisha. Nikakishika mimi mwenyewe, nikamwambia Sindano nifungulie yule mama wa titi, nione kama mshono wa ubavu ulikaa. Mtoto akagusa, akagusa tena, akanigeuzia kioo nione. Kitupu. Cheupe kama siku tuliyokinunua.

Rudia, Bosi, ulichosema, usitazame viatu. Basi nitasema mimi. Vijana wa ofisini kwako walitaka kukisafisha kiwe kipya, wakakuuliza, mzee, kuna kitu unataka kibaki? Ukaangalia, ukaona migongo iliyopinda na mistari mistari juu yake, ukasema michoro ya watoto, futeni. Hukuwa na nia mbaya. Ndicho kinachonichosha, mwanangu, ungekuwa na nia mbaya ningepata mtu wa kumkasirikia. Nimejaribu kukukasirikia tangu jana, pumzi haitoshi. Na umezunguka mji mzima unawauliza mafundi kama vilivyofutwa vinarudi, najua, Sindano ameniambia, na kila fundi ametikisa kichwa. Kaa chini. Kulia kwako hakunisaidii na kunanipa joto.

Mama Mapacha, kibodi iko wapi? Umeisahau nyumbani. Utaileta kesho. Kesho ya nani, mwanangu? Haya, usijibu.

Sasa mali. Karakana hii, meza, cherehani zote mbili, pasi, na ubao wa barabarani ni vya Sindano. Asikate mtu kipande cha kitu chochote. Kile kioo, kibodi, kalamu, waya wake na kava yake ni kitu kimoja, mkihesabu mali zangu mvihesabu kama kimoja, na mwenyewe ni Sindano. Bosi, wewe chukua kabati la nguo, lina kioo kikubwa, utajitazama ndani yake kabla ya vikao. Mama Mapacha, chukua vitambaa vyangu vya akiba, lakini usiviweke vikasubiri siku maalumu, mimi niliviweka na siku hiyo ndiyo hii. Kitanda hiki kitoeni upesi nikishaondoka, kinamzibia mtoto njia ya kwenda kwenye pasi.

Deni langu ni la nguo tu. Watu watakuja hapo mlangoni wakiulizia zao, na Sindano atakuwa peke yake mbele yao. Anashona kuliko wengi, mshono wake umenyooka, hilo simfichii. Lakini mafundi wa mishono iliyonyooka wamejaa barabara nzima na kila mmoja ana njaa yake. Kilichokuwa kimsimamishe yeye kilikuwa mle ndani ya kioo, na mimi niliyekuwa nacho kichwani siwezi kukitoa kwa mdomo, nimejaribu usiku kucha, nalala hapa nawaona wateja mmoja mmoja, najua kabisa pa kukata, nafungua mdomo nasema "hapo." Ndiyo maana nimemwita mpagazi. Siwezi kuwaita wote, nitakuwa nimekwisha kabla hawajapanga foleni. Nimesema mmoja. Nimfundishe Sindano bega moja, mkono wa shati mmoja, mbele ya macho yake, kalamu ikiwa mkononi mwangu, na huko kwingine atapapasa mwenyewe. Ni kidogo. Ndicho nilichonacho.

Usimwambie kwamba atajua tu, Mama Mapacha, nakusikia unamnong'oneza. Huenda asijue. Huenda wateja wakaondoka. Ikiwa hivyo, msimtupie maneno, na msije hapa kila mwezi kumshauri auze cherehani afungue duka la vocha. Mleteeni chakula mnyamaze. Na wewe Sindano, mteja akikukataa usimfukuzie mpaka barabarani, na asiyekukataa usimshonee haraka ili umfurahishe.

Nini? Imewaka? Iandike kwanza tuone. Haya, inaandika. Nyembamba, lakini inaandika.

Bosi, niinue. Si hivyo, mimi si gunia, pitisha mkono nyuma. Hapo. Mpagazi, simama pale penye mwanga, utupe mgongo. Hapana, baba, usijinyooshe, kila mtu akipigwa picha anajinyoosha, mimi sitaki mgongo wa picha, nataka ule unaokwenda nao kazini. Legea. Eeeh. Mpige, Sindano. Kuza bega. Kuza tena.

Nipe kalamu. Nishike kifundo cha mkono, lakini usiniongoze, nibebe tu uzito. Mnaona? Unatetemeka. Mstari unatetemeka, sio wa kwangu huo, futa. Tena. Bega linaanzia hapa, karibu na shingo kuliko unavyodhani, linashuka, halafu hapa… futa. Kalamu imeteleza. Kioo ni kizima, kinachokosea ni mkono. Ni mkono wangu, wanangu, nauambia uende nao hauendi.

Tena.

Wakati mkono unapumzika niwaombee. Mungu awape macho ya kumwona mtu kabla hamjamvalisha. Awape wa kuwainua bila kuwaumiza kama Bosi anavyoniumiza sasa, hapana, usiniache, nishike. Mapacha wakue. Sindano asikose mtu mlangoni. Mkae pamoja msigawanyike vipande, mnanisikia, na mimi nimewaachilia, radhi zangu ninyi wote mnazo, hata wewe Bosi, wewe hasa, maana utazihitaji zaidi.

Haya. Shika. Bega nimelishusha? Sasa kwapa, hapa ndipo kila fundi anapokosea, wanakata duara, huyu si duara, huyu ni kama… ni kama… angalia mkono wangu, Sindano, usiangalie uso wangu. Unakuja chini, unarudi ndani kidogo. Kidogo. Hapo. Halafu mkono wa shati unashuka, unafuata mfupa, polepole.

Mbona kumekuwa na giza, nani amesimama mlangoni? Hakuna mtu?

Basi niambieni ninyi, mimi mstari siuoni. Umefika kwenye kiwiko? Sindano. Kalamu bado iko juu ya kioo? Mbona mnalia, nimeuliza kitu kidogo tu. Umefika wapi?