Kitambaa Chekundu Kwenye Kiti cha Madam Alungat

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Bi. Mable Alungat, afisa wetu wa usalama wa magari, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika yadi yetu ya malori ya Busia. Hiyo ndiyo sentensi pekee ya makala haya niliyoiandika bila kukuna kichwa. Umri wake wa kustaafu haujafika, hakuna aliyemfukuza, na hakuna mtu humu yadini anayetaka aende.

Tuanze na tunayoyajua. Madam, kama tunavyomwita sote hadi mkurugenzi, aliajiriwa kufungua na kufunga geti. Siku moja alikataa kulifungua kwa sababu taa za breki za lori lililokuwa likitoka zilikuwa haziwaki. Badala ya kumwachisha kazi, wakubwa walimpeleka kozi. Tangu hapo leseni, bima, vidhibiti mwendo, saa za dereva kulala na uzito wa mzigo kabla ya mizani vikawa vyake. Askari wa trafiki wa pande zote mbili za mpaka wakiona lori letu hulipungia mkono lipite.

Silaha zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kipande cha nondo cha kugongea matairi. Katika matairi ya nyuma, yale yanayokaa mawili mawili, la ndani likipungua upepo halionekani kwa macho, husikika; lisipogunduliwa, hupata joto njiani hadi kuwaka. Yeye aligonga, akainamisha kichwa, akajua. Silaha ya pili ni kitambaa chekundu. Gari lenye hitilafu alilifunga kitambaa kwenye usukani, na kanuni ilikuwa moja: aliyefunga ndiye anayefungua. Pikapu ya mkurugenzi iliwahi kufungwa asubuhi ya harusi ya binti yake kule Masafu. Baba wa bibi harusi alifika kwa boda boda, suti imejaa vumbi, na picha zipo.

Kwa miaka yote hiyo hatujamzika dereva kwa sababu ya breki wala tairi.

Mwezi wa Februari, tairi la ndani la trela la dereva wetu Samuel Opio lilishika moto karibu na Tororo. Opio aliuzima kwa kizimamoto ambacho Madam alimlazimisha kubeba, akarudi akitusimulia kwa kicheko na kumsifu Madam. Sisi tulisema ni msumari tu, barabara imejaa misumari. Lakini Madam ndiye aliyekuwa amegonga matairi hayo asubuhi ile, na hakucheka. Madereva walipokwenda zahanati kupimwa macho na masikio, kama anavyowapeleka kila mwaka, naye akapanga foleni nyuma yao. Tulidhani anawatania.

Jumatatu iliyofuata tulikuta kitambaa chekundu kimefungwa kwenye kiti chake cha ofisini.

Naomba wasomaji wa matawi mengine watuhurumie. Tumefundishwa kwamba kitambaa maana yake ni hitilafu, basi tukaitafuta. Fundi Mangeni alikipindua kiti, akakaza nati, akapaka grisi magurudumu. Carol wa uhasibu alikata shauri kwamba Madam anaumwa mgongo, akaagiza mto. Wengine wakasema amepata kazi Kampala, na wakataja hadi mshahara. Hakuna aliyethubutu kukigusa kitambaa. Mwenyewe alikuwa nje, akimwonyesha msaidizi wake Winfred namna ya kushika nondo.

Mimi Fidel, karani wa safari, ndiye niliyetumwa kumuuliza. Ilibidi niulize mara mbili, na hapo nikaanza kuelewa ingawa sikutaka.

"Masikio yangu imekwisha, Fidel," alisema. "Dereva akiwa hivi, mimi namwacha aende?"

Meneja alimweleza kwamba kipimo kile ni cha madereva, si cha mkaguzi. Akamsihi abaki na makaratasi, nondo aachiwe Winfred. Madam alishukuru, akajibu kwamba hawezi kutia sahihi chini ya sauti aliyoisikia mtu mwingine. Nimelizungusha jambo hili kichwani hadi limenichosha. Akili inaniambia ametenda haki, moyo unaniambia tumedhulumiwa. Hata leo sijui kama sherehe hii ni ya pongezi au ya pole, na keki imeshaagizwa.

Madam, asante kwa kila safari uliyoizuia tukanuna. Tunakutakia maisha mema huko Merikit, mihogo ya kutosha na wajukuu wenye sauti kubwa. Lakini kabla keki haijakatwa, tafadhali kifungue kitambaa. Winfred, anayeshika kazi yako, bado anaandika akiwa ameketi kwenye stuli, maana amekataa kukaa pale, na sisi kiti tumekikagua vya kutosha. Ni kizima.

Jambo la mwisho ni la Opio. Ameomba akupeleke nyumbani yeye mwenyewe, kwa gari lile lile, na anajua hutapanda kabla hujalikagua. Anasema utagonga wewe, atasikiliza yeye.