Bi Kanze Chirau, Aliyetufundisha Kugawanya kwa Nane

Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2026, Bi Kanze Chirau atarudisha kitambulisho chake cha kazi na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mtandao kwa miaka ishirini na tisa. Wahariri wa jarida letu waliniomba mimi, Gharib, fundi wa siku nyingi chini yake, niandike wasifu wake. Nilikubali upesi, kisha nikakaa nikijiuliza mtu kama huyu unamwanzia wapi.

Nianze alipoanzia mwenyewe. Aliajiriwa mwaka 1997, fundi wa kike wa pekee, enzi ambazo mtandao ulipitia waya wa simu, na shangazi akipiga kutoka Malindi basi mtandao umekatika. Kasi ikifika kilobiti hamsini na sita kwa sekunde watu walishangilia. Bi Kanze aliigawanya kwa nane na kuwaambia ukweli, kwamba ni kilobaiti saba tu. Picha moja ya harusi ilifunguka kuanzia juu, kilemba kwanza, na bwana harusi alipomalizika kuonekana chai ilikuwa imeshapoa.

Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, kasi ilipanda na malalamiko yakapanda nayo. Sisi watu wa mtandao huuza kasi kwa biti. Kompyuta ya mteja, inapovuta faili, kwa kawaida humwonyesha baiti, na baiti moja ni biti nane. Basi aliyenunua megabiti themanini huona megabaiti kumi, akaamini ameibiwa. Mumo, mpiga picha wa Majengo, alikuja ofisini amefura, akasema hatoki mpaka aonyeshwe zile sabini zake zimekwenda wapi.

Bi Kanze hakubishana naye. Alimwita muuza kahawa, akaomba bilauri tupu, akamimina ndani yake kifinjani kimoja kimoja hadi vikatimia vinane na bilauri ikajaa. Akamweleza kwamba kifinjani ndicho biti na bilauri ndiyo baiti. Aliyenunua vifinjani themanini amepata bilauri kumi, na hakuna tone lililomwagika. Kisha akamwambia ainywe, maana kahawa haitupwi. Mumo aliinywa yote, na mpaka leo husema macho yalimtoka siku mbili. Tangu hapo hakuna mteja aliyeunganishwa bila kupewa somo hilo, nasi tukaliita kahawa ya Bi Kanze.

Ameunganisha shule za Tudor, zahanati, maduka ya Mji wa Kale ambayo kuta zake nene hula mawimbi yote, na amewafunza mafundi ambao leo ni wakuu wa matawi. Nicodemus, anayesimamia tawi letu la Kilifi, bado humwogopa kidogo. Ukimpa Bi Kanze ripoti kwamba kasi ni nzuri, atakuambia nzuri ni pilau. Kasi ina namba na kipimo chake. Nami nilidhani nimeshayaona makubwa yake yote, hadi mwaka juzi.

Mwaka huo mamangu, Mwanakuu, alianguka nyumbani na damu ikavuja ndani ya kichwa. Hospitali tuliyompeleka ilikuwa na daktari aliye tayari kumpasua, lakini alitaka bingwa wa ubongo aliyeko Nairobi azione picha za kichwa kwanza, amwelekeze pa kuanzia. Bingwa huyo alikuwa na dakika ishirini tu kabla ya kuingia kwenye upasuaji mwingine, na angetoka jioni. Picha zilikuwa na uzito wa gigabaiti moja na nusu.

Bi Kanze alikuwa amekuja kunifariji. Picha zilikuwa zimeanza kutumwa, na daktari akamwuliza zitachukua muda gani. Alitazama kioo cha kompyuta, akaona kasi ni tano. Vipimo vyetu vyote ofisini husoma biti, na mkono uliozoea kugawanya uligawanya. Akasema dakika arubaini. Kwa neno hilo daktari aliamua mamangu akimbizwe uwanja wa ndege apelekwe Nairobi akapasuliwe huko, ingawa alinieleza bila kuficha kwamba mtikisiko wa safari unaweza kumuua. Nilishika upande mmoja wa machela. Sijawahi kuogopa namna ile.

Bi Kanze alibaki mbele ya kioo. Alipotazama tena, theluthi ya picha ilikuwa imeshakwenda, na kwa hesabu yake hilo halikuwezekana. Akasoma kipimo kilichoandikwa kando ya ile tano: kilikuwa megabaiti. Hesabu ilikuwa imeshagawanywa na mashine, naye ameigawanya mara ya pili. Zile dakika arubaini zilikuwa tano. Alitoka mbio, viatu mkononi, akatukuta mlangoni pa gari la wagonjwa, na mbele ya daktari, wauguzi na jamaa zetu wote akasema kwa sauti: "Gharib mwanangu, mrudishe mama ndani. Nimekosea mimi. Picha zinafika sasa hivi."

Zilifika. Bingwa alizitazama, akaelekeza, na mamangu akapasuliwa papa hapa kisiwani.

Nimefanya kazi na watu hodari, lakini hadi leo nikilikumbuka hilo mwili hunisisimka. Huyu ni mwanamke ambaye nusu ya Mombasa inamjua kwa hesabu moja, na hiyo hiyo ndiyo aliyoitangaza kuwa ameikosea, bila kusita wala kusingizia mashine. Angesimama kidogo kulinda jina lake, gari lingekuwa linaelekea Makupa, njia ya uwanja wa ndege, na mamangu ndani. Tena kisa hiki hakukificha. Kila mfanyakazi mpya hukisikia siku ya kwanza, kutoka kinywani mwake mwenyewe, kabla hajaruhusiwa kugusa waya. Ndiyo maana katika ofisi yetu hakuna anayetaja kasi bila mwingine kumwuliza ni biti au baiti, hata meneja.

Bi Kanze, kwa niaba ya wenzako wote, ahsante kwa kazi, kwa ukali na kwa utani. Tunakuombea afya njema, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na simu za wateja, na umri mrefu katikati ya watu wanaokupenda. Na kwa niaba yangu mwenyewe, leo nilipotoka nyumbani kuja kazini, mamangu ndiye aliyenifungia mlango.