Swali Ninaloliuliza Mara Tatu

Mheshimiwa Chifu Gichuru, wewe uliyetupa ruhusa ya kukutana hapa Ruiru leo mchana. Mchungaji Ephantus, mwenye ukumbi huu. Bwana Erastus Opiyo, mwalimu mkuu wa shule anakofundisha binti yangu kule Thika. Waalimu wote mliofuatana naye. Ndugu wageni waalikwa. Na nyinyi kina mama wa laini, zile safu za nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, mliokuja na mikono bado inanuka buni: hamjambo?

Itikieni vizuri, maana leo si siku ya kunong'ona. Kitabu cha mwanangu Katunge kimepigwa chapa. Mimi Ndunge, mke wa Wambua, niliyeachia masomo darasa la tatu, nimezaa mtu ambaye jina lake liko juu ya jalada, kwa herufi nene kuliko zile za kibao cha stesheni. Mtanisamehe nikijisifu. Wanaonijua wanajua kwamba nikinyamaza nitaugua.

Bwana Erastus aliponiomba nizungumze, alinipa na kazi. Alisema, "Mama Katunge, kati ya wageni wako kuna waalimu wanaoandika hadithi, na wote wana ugonjwa mmoja: hawajui habari ya nyuma ya mhusika waiweke wapi. Waeleze Katunge alivyofanya." Nikamwambia, Bwana, mimi ni mkunga, watoto najua wanavyotoka, vitabu sijui. Akasema, "Hilo hilo." Basi nitasema hilo hilo.

Kitabu hiki kinamhusu mkunga wa laini za kahawa aitwaye Mumbua. Msiulize amefanana na nani. Amefanana na mimi. Katunge alipokiandika mara ya kwanza, alitumia kurasa tisa kutueleza Mumbua alikotoka: babu yake alikuwa na mbuzi wangapi kule Kangundo, njaa ilimfukuza vipi baba yake, alibatizwa na nani, na jinsi alivyofika Ruiru kwa miguu na sufuria kichwani. Kurasa tisa! Na mimi, jamani, nilizipenda. Nilitaka ziwe ishirini. Ni nani kati yenu angechoka kusikia habari zake mwenyewe?

Lakini Jumamosi moja alikuja kutusomea nyumbani kwangu, nikiwa na jirani yangu Awiti na kina mama wengine, tunachambua maharagwe. Ukurasa wa pili, mmoja akapiga miayo. Ukurasa wa nne, mwingine akakumbuka kwamba ana nguo kwenye kamba. Ukurasa wa sita, Awiti akaweka ungo chini. Simama, Awiti, wakuone. Ndiye huyo. Akasema, "Katunge mwanangu, huyo mkunga wako ataanza kazi lini? Kama ningeingia hapa na mimba, saa hii mtoto angekuwa anatambaa."

Tulicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Katunge hakucheka. Akasema, "Lakini mama, msipojua alikotoka, mtamwelewaje?"

Awiti akamjibu, "Mama yako nilimwelewa siku ya kwanza, na mpaka leo sijui babu yake alikuwa na mbuzi wangapi. Alinikuta nimekaa mlangoni nalia. Akanipa uji, halafu akanifokea kwa sababu sikuumaliza. Nikajua huyu ni mtu."

Wageni walipoondoka, Katunge aliniuliza, "Mama, sasa niseme nini, ninyamazie nini?" Mtoto amesoma miaka yote hiyo, ana cheti cha ualimu chenye mhuri, anakuja kuniuliza mimi. Je, nisivimbe kichwa?

Nikamweleza ninavyofanya kazi yangu. Mwanamke akija ameshikwa na uchungu, simuulizi yote mlangoni. Nikianza na ukoo wake na mahari yake, mtoto atafika kabla ya majibu. Namuuliza mambo matatu tu: uchungu umeanza saa ngapi, chupa ya maji ya uzazi imepasuka au bado, na uzazi uliopita ulikwendaje. Hayo nayahitaji ili mikono yangu ijue la kufanya. Mengine, kwamba mume anakunywa, kwamba mama mkwe hamsemeshi, hutoka yenyewe ninapomsugua mgongo, na kila moja hutoka kwa saa yake. Waalimu wangu, kama mna penseli, hapa ndipo pa kuandika: usitoe habari ya zamani kwa sababu unayo, itoe pale jambo la leo linapoihitaji. Msomaji naye ana mikono. Mpe kile kitakachomsaidia kushika.

Katunge akaenda, akafyeka. Aliporudi, kitabu kilianza hivi: msichana amesimama mlangoni, maji yanamtiririka miguuni, na Mumbua anakunja mikono ya gauni lake. Basi. Hakuna babu, hakuna mbuzi. Na niwaambie kweli, siku hiyo hakuna aliyekumbuka nguo kwenye kamba.

Ila palikuwa na mahali pamoja. Mumbua anamuuliza yule msichana, "Uzazi uliopita ulikwendaje?" Msichana anasema, "Vizuri." Mumbua anauliza tena. Msichana anasema, "Vizuri, mama." Mumbua anauliza mara ya tatu, na ndipo msichana anainamisha kichwa na kusema ukweli.

Awiti akakatiza, "Mbona anauliza mara tatu? Ni kiziwi?"

Katunge akasema, "Sijui. Mama hufanya hivyo."

Wote wakanigeukia. Awiti akapiga paja. "Kweli! Hata mimi uliniuliza mara tatu! Nikadhani ni sehemu ya dawa."

Nikasema, "Ni tabia tu. Wewe soma."

Kitabu kikapelekwa kwa Bwana Erastus. Kikarudi na maneno manne ya penseli pembeni ya ukurasa huo: *Kwa nini mara tatu?* Nilimchukia Bwana Erastus wiki nzima. Leo namshukuru, lakini wiki ile nilimchukia.

Ndugu zangu, mnakumbuka ninavyosema katika kila arusi na kila ubatizo wa shamba letu? Nasema, "Mikono hii imepokea watoto zaidi ya mia mbili, na haijazika hata mmoja." Chifu, hata kwako nimesema hivyo, ukanipongeza. Ulikuwa uongo.

Mwaka 1951, wakati wa mavuno, Gathoni aliletwa kwangu asubuhi. Yuko hapa, ndiye yule mwenye kitambaa cha kijani. Uchungu ulimshika kati ya mibuni, akalitua gunia lake njiani, akaja akishikwa mkono. Wanawake walijaa mlangoni, na mimi nilikuwa nawasimulia uhodari wangu wa mwaka ule. Nikamuuliza Gathoni saa. Nikamuuliza chupa. La tatu sikuuliza, kwa sababu nilikuwa katikati ya hadithi tamu inayonihusu mimi. Saa tisa alasiri, mtoto bado hajatoka, ndipo dada yake alipofika na kusema kwamba yule wa kwanza alitolewa na daktari kwa vyuma baada ya siku mbili. Ningejua asubuhi, ningeomba lori limpeleke hospitali ya Thika. Lori lilikuwa limesimama mbele ya ghala. Nililiona kila nilipotoka kumwaga maji. Lilipompeleka, Gathoni alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa mvulana.

Hayo nilimwambia Katunge tukiwa wawili, nikimenya viazi, bila kumtazama. Akaandika nusu ukurasa, akauweka pale msichana anapojibu "Vizuri" mara ya pili na Mumbua anakataa kuamini. Akanisomea. Nikasema, "Toa."

"Mama..."

"Toa, nimesema! Watu watanicheka. Nitapita wapi?"

Akatoa. Mtoto wangu ana adabu. Hilo nalo andikeni. Baada ya majuma mawili akarudi na kusema, "Nimetoa, Mama. Sasa Mumbua anauliza mara tatu kama kasuku. Mimi mwenyewe simjui tena." Ndipo akaongeza neno ambalo sijawahi kupigwa nalo hata na mzee wangu: "Na tena habari ile si yako peke yako. Gathoni ulimwambia?"

Sikuwa nimemwambia.

Tulikwenda kwake Jumapili baada ya ibada. Akatupa chai. Nikamweleza lile swali nililoliruka, na lori lililokuwa limesimama. Gathoni aliweka kikombe chini. Halafu akasema, "Ngai, Mungu wangu! Miaka saba. Miaka saba nimedhani ni lile gunia. Mume wangu alisema ni gunia. Mama yake alisema ni gunia, kwamba nilibeba kwa tamaa ya kujaza debe. Na mimi nikakubali."

Wazee wangu, mimi nilificha kosa langu ili jina langu libaki safi, kumbe kosa halikai bila mwenyewe. Likaenda kulala kwa mwenzangu, likamla miaka saba. Nikapiga magoti kumwomba msamaha. Hakunipa. Aliniambia, "Nenda nyumbani, Mama Katunge. Chai imepoa."

Siku ya nne alikuja kwenye laini. Hakunisalimu mimi, alimwendea Katunge. Alisema, "Iandike. Lakini usiiweke mwanzo. Mtu akinijua kwa kaburi kwanza, hatoniona tena. Wanione kwanza natembea, nacheka, nagombana na nyapara. Halafu ndipo wajue."

Waalimu, mlitoka Thika kutafuta fundisho. Nadhani hilo ni kubwa kuliko langu la maswali matatu, na limetoka kwa mtu ambaye hajashika kalamu. Mkikifungua kitabu, mtamkuta mwanamke mpya katika ukurasa wa kwanza, ndiye anayemshika mkono yule msichana na kumfikisha mlangoni. Ana maneno makali na anachekesha. Mtampenda bila kujua ni nani. Mtajua ukurasa wa arobaini na moja, Katunge alikouhamishia ule nusu ukurasa, na mkishajua, mtarudi mwanzo kumtazama upya alivyosimama mlangoni pale, kwa mkunga yule yule, akimletea mtoto wa mwenzake.

Mtaniuliza: kama imeshaandikwa, kwa nini unaisema tena kwa kinywa? Kwa sababu wengi tulioketi hapa hatusomi. Nusu ukurasa ule hautawafikia. Maneno ya gunia yalipita kwa vinywa, mtoni na sokoni, na mimi niliyasikia nikanyamaza. Kwa hiyo ni lazima na haya yapite kwa kinywa, na kiwe changu.

Bibi yangu, mama mkwe wa Gathoni, nakuona hapo mbele. Na wewe mume wake. Mbele ya Chifu, mbele ya Mchungaji, mbele ya binti yangu ninayemwonea fahari kuliko kitu chochote nilicho nacho: halikuwa gunia. Gathoni hakumuua mtoto wake. Alifika mapema, alifika kwa miguu yake, na alifika kwa mtu aliyekuwa hasikilizi. Mkitaka kumsema mtu, nisemeni mimi. Mlango wangu mnaujua.

Msamaha bado sijapewa, na leo sikuja kuudai. Gathoni, mwanangu, inua kichwa tu, watu wakuone.

Mmenivumilia muda mrefu, mimi mwanamke wa darasa la tatu. Ahsanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa ninaketi, Katunge asome.