Kunguni Waliozoea Dawa

Fundi cherehani hakupanda treni ili asikilize ya watu, lakini kwenye kiti cha mbele yake alikaa mama mwenye nyumba ya wageni, na mama huyo hakujaliwa sauti ndogo.

"Kunguni wangu wamezoea dawa," alikuwa akimwambia jirani yake, mwalimu mstaafu wa sayansi. "Zamani nikipuliza wanakufa. Siku hizi nikipuliza wananenepa!"

"Hawajazoea, mama. Dawa iliua wale dhaifu. Wachache waliozaliwa sugu wakabaki, wakazaana. Hawa ni wajukuu zao."

"Basi wajukuu ndio wamezoea."

"Hawajazoea! Wamerithi!" Mishipa ya shingo ilimsimama mwalimu, utadhani nyumba ya wageni ni yake. Fundi akaumauma midomo asicheke.

Mama alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mimi mwenyewe, kwa bomba langu, ndiye niliyechagua mbegu?"

"Wewe na bomba lako."

"Makubwa! Na hapa nampelekea muuza dawa hao sugu wenyewe, awaone kwa macho yake." Akachomoa kopo la majani ya chai kwenye mkoba. Kifuniko kilikuwa kimefunguka. Alichungulia ndani, akalipindua, akaligonga chini. Tupu.

Fundi akaanza kuwashwa mgongo mzima. Treni ilipofunga breki kituoni, mwalimu alishafika mlangoni, akijikung'uta suruali kwa mikono miwili.

"Usijali, mwalimu!" mama akampigia kelele. "Utawazoea tu!"