Joyeuse Kaswera, Mwalimu Aliyetaka Kufika Kabla ya Saa Nne

9 Mei 1974 – 12 Oktoba 2024
Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Zorobabel Kitsa, kwa niaba ya familia
Butembo, Jumatatu tarehe 14 Oktoba 2024

Padri wetu, wazazi wetu, walimu, wanafunzi, majirani, na ninyi mliotoka Beni na Lubero kuja kulia pamoja nasi, familia inawashukuru. Tutawasomea maisha ya dada yetu jinsi yalivyokuwa. Wiki tatu zilizopita, akiwa bado na nguvu ya kusema, aliomba yasipambwe.

Joyeuse Kaswera alizaliwa Kayna, siku ya Alhamisi tarehe 9 Mei 1974. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Ananie Paluku, mkulima wa maharagwe, aliyetutangulia mwaka 2009, na wa Mama Kahongya, ambaye amekaa hapa mbele. Mama anasimulia kwamba mtoto huyu alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu mzima wa nyumba ile aliyemaliza kula kabla chakula hakijapoa, kwa sababu kila mara ilibidi mmoja ainuke kumfuata njiani.

Alisoma shule ya msingi palepale Kayna, kuanzia 1980 hadi 1986, kisha akapelekwa Lubero kwa masista, kwenye baridi ile tunayoijua, akakaa bwenini miaka sita na kupata Diploma ya Serikali ya ualimu mwaka 1992. Mwaka mmoja kabla ya hapo palitokea jambo ambalo sisi wadogo zake hatukulijua. Kwenye mashindano ya shule za sekondari, Joyeuse alikimbia mita elfu tatu bila viatu, akawaacha wenzake mbali, akachaguliwa kwenda Goma. Sista mkuu aliandika barua Kayna kuomba ruhusa. Baba hakuandika jibu. Alipanda lori la viazi, akaja mwenyewe, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Mutoto wangu hataenda kuonyesha batu ba Goma mapaja," alisema.

"Ndiyo, Papa," Joyeuse alijibu, akakaa chini, akaendelea kuandika. Baba yetu alikuwa mtu mwema na alimpenda binti yake. Tunalisema jambo hili kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki.

Alianza kufundisha Kirumba mwaka 1993. Ni kwenye barabara ya huko alipompata mume wake. Ézéchias Lusenge alikuwa dereva kijana wa lori. Siku moja ya mvua alimpandisha mwalimu mmoja aliyekuwa amekumbatia karatasi za mtihani za watoto ndani ya koti, yeye mwenyewe akilowa mgongo na kichwa. Lusenge alimwambia avae koti. Mwalimu akamjibu kwamba koti lina watu themanini na wanne ndani, halina nafasi. Walifunga ndoa katika parokia ya Kirumba Jumamosi tarehe 16 Agosti 1997, wakahamia Beni, na Mungu akawapa watoto watatu: Nadège, Fadhili na Sifa. Mwaka 2016 lori la Lusenge lilichomwa njiani. Yeye aliokoka kwa kupita porini, akafika nyumbani siku ya pili na kiatu kimoja. Wakahamia Butembo. Lusenge akanunua pikipiki, Joyeuse akaendelea na ualimu, na mwaka 2019 akafanywa mkurugenzi wa shule. Watoto waliofika kutoka vijiji vilivyokimbiwa, bila karatasi, bila daftari, aliwaingiza darasani kwanza, maswali yakafuata baadaye.

Aprili 2020 shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya corona. Joyeuse alikuwa karibu kutimiza miaka arobaini na sita. Asubuhi moja alivaa suruali ya michezo ya Fadhili, akafunga kitenge juu yake, akabeba kikapu kitupu ili majirani wafikiri anakwenda sokoni, akaanza kukimbia. Mama mmoja wa jirani alimwona akipanda kilima mbio na kikapu chake, akapiga kelele, "Mwalimu! Soko iko inaungua?" Joyeuse alicheka hadi akasimama. Kesho yake aliacha kikapu nyumbani. Wiki iliyofuata aliacha na kitenge.

Hapo maneno yakaanza. Kwenye maegesho ya pikipiki za abiria, wenzake Lusenge walimwuliza, "Bibi yako anakimbiaka nani?" Lusenge aliona haya. Alirudi nyumbani akamwomba mke wake aache, kwa heshima ya watoto. Joyeuse alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akamweleza habari ya Goma, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yao.

"Papa Nadège," alimaliza, "mara moya nilinyamaza. Mara ya pili, hapana. Nikitimiza myaka makumi tano, nitakimbia kilometre makumi ine na mbili, na nitafika mbele saa ine hazijaisha."

Jumamosi iliyofuata Lusenge aliamka kabla yake, akapangusa pikipiki, akafunga chupa mbili za maji nyuma, akamngojea mlangoni.

Tangu siku hiyo walikwenda pamoja. Jumanne vilima, Alhamisi mwendo wa haraka, Jumamosi safari ndefu kwenye barabara ya Lubero, yeye mbele, Lusenge nyuma akisoma kilomita kwenye pikipiki na dakika kwenye simu, na kuziandika katika daftari la shule. Njiani alikula viazi vitamu vya kuchemsha na chumvi. Kwa miaka minne alimaliza jozi tatu za viatu vya mitumba, na vidole vyake vikapoteza kucha. Akina mama kumi na mmoja wa mtaa wakaanza kumfuata Jumamosi, kila mmoja kadiri alivyoweza.

Mwaka 2022 walivuka mpaka Kasindi, wakaenda Kasese, upande wa Uganda, kwenye mbio za marathoni. Alifika kwa saa nne na dakika hamsini na moja. Mwaka 2023, saa nne na dakika kumi na tisa. Alipovuka mstari mara ile ya pili hakukaa chini. Alimfuata Lusenge, akamshika shati, akamwambia, "Dakika makumi mbili tu. Nimebakisha makumi mbili tu." Desemba ile alikimbia kilomita thelathini kwa saa mbili na dakika arobaini na tisa. Daftari linaonyesha hivyo. Kwa mwendo ule angeweza.

Sasa tunafika mahali pagumu. Mume wake ametuomba tusiruke neno.

Kuanzia Januari 2024 dakika zilianza kuharibika. Kilomita zilezile thelathini zikawa saa tatu na dakika sita, kisha saa tatu na ishirini. Lusenge alidhani mke wake amelegea kwa sababu ameona ushindi uko karibu. Joyeuse mwenyewe alikuwa amemwambia tangu mwanzo, "Ukiona ninalegea, usinionee huruma." Jumamosi tarehe 13 Aprili, kwenye kilima kirefu, Joyeuse alianza kutembea. Lusenge akaleta pikipiki karibu naye.

"Mama Nadège, uko nacheza! Kasese si soko! Kama umechoka, uniambie, tubakie ku nyumba!"

"Niko nakuja," Joyeuse alisema. "Niko nakuja tu."

Alikimbia tena. Alikimbia kilomita mbili nyingine, Lusenge akimpigia kelele nyuma yake. Kisha akakaa kando ya barabara, na Lusenge aliposhuka akaona damu imefika kwenye soksi.

Ilikuwa saratani ya mlango wa uzazi. Tunaitaja kwa jina kwa sababu yeye alitaka itajwe, mbele ya padri na mbele ya wanaume. Damu ilikuwa imeanza kutoka wiki ya Krismasi. Kwa miezi minne alijifunga vitambaa, akafundisha, akakimbia, wala hakumwambia mtu, hata Nadège ambaye ni muuguzi. Hospitalini, Lusenge alimwuliza kwa nini.

"Ningekuambia, ungenikataza," alijibu. "Na mwaka ni huu."

Lusenge akaanza kulia. "Nilikulalamikia, na ulikuwa mugonjwa."

"Ulilalamikia mutu muzima. Ile ilinisaidia. Acha kulia, batu banatuangalia."

Mwezi Mei alitimiza miaka hamsini kitandani. Juni walikwenda Kampala kutafuta matibabu ya mionzi, ambayo hapa kwetu hayapo. Basi lilipita Kasese mchana. Lusenge alitaka kufunga pazia. Joyeuse alimzuia mkono, akaangalia dirishani hadi mji ukaisha, akihesabu kwa sauti ndogo mahali palipokuwa na maji, mahali alipoteguka mguu, mahali watoto walipompigia makofi. Mwisho wa mwezi ule ule, wakiwa bado Kampala, vita vilifika Kayna. Mama yetu, mwenye miaka sabini na nane, alitembea siku tatu hadi Lubero, akapata gari hadi Butembo, akabisha kwenye mlango wa binti yake akiwa na godoro kichwani. Sifa ndiye aliyemfungulia na kumweleza kwamba binti yake yuko mbali na ni mgonjwa.

Madaktari wa Kampala walifanya walivyoweza. Ugonjwa ulikuwa umekwenda mbele. Mapema Agosti walimruhusu arudi nyumbani, na sote tulielewa maana yake, naye akaelewa kabla yetu.

Mwishoni mwa Agosti, siku ya mbio za Kasese, aliomba atolewe nje. Tulimweka kwenye kiti barazani, na blanketi mbili. Kule wanaanza saa moja asubuhi, lakini saa ya Uganda iko mbele yetu, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa kumi na mbili kamili. Alimwambia Lusenge awashe simu ahesabu. Mama alikaa miguuni pake akimsugua nyayo. Kwa saa nne hakusinzia. Lusenge, ambaye aliijua njia ile yote kwa kuifuata na maji, alimwambia kila mara yuko wapi.

"Sasa uko kilometre kumi. Unakunywa."

"Ninakunywa kidogo tu."

"Sasa makumi mbili na moya. Nusu. Uko muzuri."

Ilipofika kilomita thelathini na tano alifumba macho na kushika mikono ya kiti, na Mama akadhani maumivu yamezidi, akataka kumrudisha ndani. Alitikisa kichwa. Simu iliposoma saa tatu na dakika hamsini na nane, Lusenge akainuka.

"Umefika," alisema. "Umefika, Mama Nadège. Mbele ya saa ine."

Joyeuse alifungua macho. "Hapana. Kile kilima cha mwisho ningetembea. Unajua. Andika saa ine na dakika sita."

"Ni karatasi tu."

"Donc, basi, andika kweli."

Akaandika. Ndilo neno la mwisho katika daftari lile. Tulimbeba kumrudisha ndani, naye akalia, jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatujaliona tangu utoto. Alilia kwa sababu alitaka sana, na hakupata, na hakutaka mtu amwambie vinginevyo. Lusenge alikaa kitandani kando yake hadi jioni.

Septemba alipokea Sakramenti ya Wagonjwa. Aliwaita walimu wake mmoja mmoja, akawagawia kazi za mwaka mpya wa shule. Alimwomba Nadège awapeleke wale akina mama kumi na mmoja kupimwa, wote, na Nadège amekwisha kuwapeleka. Kisha maumivu yakawa mengi, na maneno yakawa machache.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba, kama saa tatu asubuhi, dawa ya maumivu ilikuwa imekwisha, na Lusenge akachukua pikipiki kukimbilia duka la dawa. Mwezi na zaidi hakuwa ametoka kando ya mke wake zaidi ya dakika chache. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, alimkuta Mama Kahongya amekaa kitandani, kichwa cha Joyeuse mapajani mwake, akimlaza nywele vizuri kwa kiganja. Lusenge alisimama mlangoni na dawa mkononi.

"Ameenda sasa hivi," Mama alimwambia. "Alikuulizia."

Aliishi miaka hamsini, miezi mitano na siku tatu. Mama alitamani alazwe Kayna, kando ya baba yake. Barabara haipitiki, basi tunamlaza hapa Butembo.

Ameacha mume, Ézéchias Lusenge, watoto watatu, Nadège, Fadhili na Sifa, mjukuu mmoja, Vagheni, mwenye miezi saba, mama yake mzazi, ndugu sita, walimu na wanafunzi wa shule yake, na akina mama kumi na mmoja wa Jumamosi, ambao wameomba wabebe jeneza kutoka kanisani hadi hapa kaburini, na wamelibeba.

Mungu aliyemwumba ampokee, na pumziko lake liwe la amani.